Baada ya 11–9

Muulize mtu yeyote, awe stendi ya Embu au pale Makutano Meru, Angella Okutoyi ni nani. Kama jina amelisikia, atakupa vitu vitatu: alilelewa na shosho, hawakuwa na kitu, akashinda Wimbledon. Hapo atanyamaza, maana kwake stori imeisha. Mwulize sasa kwa nini msichana huyo hakucheza Olimpiki ya Paris ilhali alikuwa bingwa wa Afrika. Atakuangalia kama umemwuliza majina ya mawaziri wa mwaka 1974.

Simlaumu. Hivyo ndivyo alivyosimuliwa. Vyombo vya habari, vya hapa na vya ng'ambo, vimemwandika Okutoyi kwa muundo mmoja usiobadilika. Unaanza na mama aliyefariki akijifungua mapacha, unaenda kwa nyanya aliyekuwa mfanyakazi wa shule ya msingi jijini Nairobi, unapitia raketi ya kwanza akiwa na miaka minne, halafu unatua kwenye nyasi za London. Ni ngano kamili. Ina yatima, ina bibi mwenye moyo, ina safari na ina tuzo. Ndani yake tenisi yenyewe ni kidogo sana.

Nataka kuisoma hadithi hiyo vile tunavyosoma riwaya: inasema nini, inaruka nini, na nani ananufaika ikirukwa. Kwa sababu huku Meru na Embu kuna wasichana wanaoisikia na kuiamini, na wanachofundishwa nayo ni kwamba ukiwa maskini vya kutosha na ukijituma vya kutosha, mlango utafunguka. Kuhusu uwanja, mipira, visa na pointi, haiwaambii kitu.

Tuanze na yaliyotokea. Okutoyi alizaliwa Januari 2004. Mwaka 2021, nchini Tunisia, alitwaa ubingwa wa vijana wa Afrika. Ubingwa huo ukamfungulia njia ya kwenda Melbourne, na Januari 2022 akawa msichana wa kwanza kutoka Kenya kushinda mechi ya Grand Slam ya vijana. Alishinda mbili, akatolewa raundi ya tatu. Miezi sita baadaye, Wimbledon, aliingia fainali ya wasichana wawili wawili akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili wa wavu walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Matokeo: 3–6, 6–4, 11–9.

Angalia hizo namba kwa makini, maana wengi walizipita mbio wakimtafuta shosho. Seti ya kwanza walipoteza, ya pili wakaivuta kwa shida, na ya tatu haikuwa seti ila taibreka ya kufika pointi kumi, mradi umpite mwenzako kwa mbili. Ili mechi iishe 11–9, lazima wakati fulani ilikuwa 9–9. Pale tisa kwa tisa, wasichana wanne waliosafiri kutoka mabara matatu walikuwa sawa kabisa. Pointi mbili zikaamua nani aitwe historia na nani arudi hotelini. Mpira ungegonga utepe wa wavu na kuangukia upande mwingine, tungekuwa na mchezaji yule yule, mwenye mkono ule ule, na hakuna ambaye angemwandikia ngano.

Nasema hivi bila kumpunguzia sifa. Kusimama 9–9 ukiwa na miaka 18, nchi yako haijawahi kufika hapo, na mkono usitetemeke, hiyo ni kazi kubwa. Lakini ngano haipendi 9–9. Ngano inataka ushindi uwe umeandikwa tangu mwanzo, kwamba dhiki ya utotoni lazima ilipwe. Tenisi hailipi madeni ya namna hiyo. Nusu ya watu wanaocheza mchezo huu wiki yoyote ile hupoteza mechi ya kwanza, na wengi wao pia wana shosho mzuri.

Sasa, tuliutoa wapi muundo huu? Nadhani tuliuazima kutoka kwa riadha. Kenya tumezoea hadithi moja ya michezo: mtoto anakimbia kwenda shule peku, kocha anamwona, anapanda ndege, anarudi na medali, uwanja wa ndege wanampa maziwa kwenye kibuyu. Katika mbio, hadithi hiyo ina ukweli wake. Barabara ya vumbi ni ya bure. Mwinuko ni wa bure. Mkimbiaji wa hapa anaweza kujipima na saa akiwa peke yake asubuhi, na saa haijali alizaliwa wapi.

Ukiivalisha tenisi nguo hiyo, inapwaya. Huwezi kucheza tenisi peke yako, maana lazima awepo mtu wa kurudisha mpira, na awe anakukaribia kwa kiwango, la sivyo unajifunza tabia mbaya. Barabara ya vumbi haitoshi. Unahitaji mahali tambarare pa urefu wa karibu mita 24, na nafasi ya kukimbilia nyuma ya mistari. Mipira inachoka na kununuliwa tena, nyuzi za raketi zinakatika na kufungwa upya. Hata mwinuko wetu tunaojivunia unageuka. Embu na Meru ziko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na katika hewa nyepesi mpira hupaa. Shirikisho la kimataifa la tenisi lina mpira wake maalum kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Hewa ile ile inayompa mkimbiaji mapafu inamfundisha mcheza tenisi urefu wa mpira ambao utamdanganya akishuka kucheza karibu na bahari.

Kwa hiyo turudi kwa yule nyanya, tumsome upya. Kila makala inamtaja kama ishara ya upendo, na sina ubishi, upendo ulikuwepo. Lakini soma hadithi kama mtu wa kodi ya nyumba. Nyanya alifanya kazi katika shule, na katika shule hiyo ndipo wajukuu walipoanza tenisi. Yaani kibarua chake kiliwaweka watoto mahali penye mchezo. Angekuwa anauza ndizi Gakoromone au anachuma majani chai Chuka, angewapenda vivyo hivyo, na leo tusingemjua Okutoyi. Hicho ndicho ngano inachoficha: katikati ya miujiza yote kulikuwa na mahali pa kuchezea, na kulikuwa na mtu mzima wa kumwonyesha mtoto namna ya kushika raketi.

Halafu ikaja kimya. Baada ya Wimbledon, Okutoyi alienda Marekani, Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama. Hapa nyumbani watu walianza kuuliza amepotelea wapi, na wengine wakaamua kwamba ameacha tenisi akafuata masomo. Ni swali linaloonyesha vile tulivyoisoma vibaya ile 11–9. Tulidhani amefika, kumbe alikuwa ndio anafungua mlango wa nje.

Nieleze hesabu, kwa sababu hapa ndipo stori yenyewe ilipo. Grand Slam ya vijana haina pesa za zawadi. Kombe unapewa, picha unapigwa, hundi hakuna. Pointi za vijana nazo haziwi pointi za wakubwa. Ukiingia utu uzima wa tenisi unaanzia karibu na sifuri, kwenye mashindano yanayoitwa W15. Tangu 2024 namba hiyo ndiyo pointi anazopata bingwa: 15 kwa W15, 35 kwa W35, na kuendelea hadi 100. Bingwa wa Grand Slam ya wakubwa anapata 2,000. Na pointi zako zinaoza: baada ya wiki 52 zinaondoka, lazima uzitafute tena.

Pesa ndizo kichekesho. Mfuko mzima wa W15 ni dola 15,000, zinagawanywa kwa wachezaji wote. Bingwa wa mmoja mmoja haondoki hata na dola 2,500. Ukitolewa raundi ya kwanza unapata chini ya dola 200, ambazo hazilipi hata tiketi iliyokuleta. Mashindano mengi ya ngazi hiyo hufanyika miji kama Monastir, Sharm el-Sheikh na Antalya, wiki baada ya wiki. Mchezaji wa Ulaya anapanda ndege ya bei rahisi asubuhi na jioni yuko huko. Mwenye pasipoti ya Kenya akitaka kucheza Ulaya, Uingereza au Marekani anaanzia foleni ya visa, na akishinda mechi asiyotarajia mahali pamoja, hawezi tu kubadilisha mpango aende kwingine. Ili uingie hata mechi za mchujo za Grand Slam ya wakubwa, unahitaji kuwa takriban ndani ya 230 bora duniani. Piga hesabu ya pointi 15, 15, 15 mpaka huko. Manze, si mchezo.

Ukiielewa hesabu hiyo, Auburn inaacha kuwa kupotea. Chuo cha Marekani kinampa mchezaji makocha, uwanja, tabibu wa misuli, chakula, wenzake wa kufanya nao mazoezi, na mechi ngumu kila msimu bila kulipia ndege. Ni daraja. Lakini daraja hilo pia lina ushuru. Sheria za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, zimekuwa zikiwawekea wanafunzi mipaka mikali ya zawadi wanazoweza kuchukua kwenye mashindano ya kulipwa. Machi 2024 mchezaji Reese Brantmeier wa Chuo Kikuu cha North Carolina aliishtaki NCAA kwa sababu hiyo. Na muhula wa masomo hula wiki ambazo wenzako wako Monastir wakiokota pointi.

Hapo ndipo tunapofika Accra, Machi 2024. Okutoyi alishinda dhahabu ya mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika. Bingwa wa bara zima. Kwa utaratibu wa Olimpiki, dhahabu hiyo ingempa nafasi ya Paris, kwa sharti moja: awe ndani ya 400 bora duniani kufikia Juni 10. Hakuwa. Kenya ikaenda Paris bila mcheza tenisi.

Kwangu mimi huo ndio ukurasa mzito kuliko wote katika maisha yake ya mwanzo, na ndio uliosomwa kidogo zaidi. Una kila kitu ambacho mwandishi angetaka. Msichana ameshinda kila aliyewekwa mbele yake, kisha anazuiwa na jedwali. Kati ya dhahabu ya Accra na siku ya mwisho kulikuwa na wiki chache tu za kutafuta pointi ambazo wengine walikuwa wamezikusanya mwaka mzima. Nani alipaswa kulipia mwaka huo? Swali hilo haliwezi kuulizwa ndani ya ngano, kwa sababu katika ngano shujaa hujikimu mwenyewe. Nje ya ngano lina majibu, na majibu hayo yana ofisi, bajeti na sahihi za watu.

Ukitaka kuona tofauti, fuata yule msichana wa upande wa pili wa wavu. Victoria Mboko ana wazazi kutoka Kongo. Alizaliwa Marekani, akakulia Kanada, na siku ya ile 11–9 alikuwa na miaka 15. Baadaye goti likamsumbua, na mwaka 2025 ulipoanza alikuwa nje ya 300 bora. Akaanza msimu kwa kushinda mechi 22 mfululizo kwenye mashindano madogo, yale yale ya ngazi ya chini. Agosti, mjini Montreal, akamfunga Naomi Osaka katika fainali na kuchukua ubingwa wa moja ya mashindano makubwa zaidi baada ya Grand Slam. Kwa hiyo aliyepoteza pointi mbili za mwisho ndiye aliyetangulia kufika.

Usikimbilie kusema Mboko ana kipaji zaidi. Labda anacho, labda hana. Siku ile tisa kwa tisa hakuna aliyeweza kuwatenganisha. Tunachoweza kukiona bila kubahatisha ni kwamba mmoja alirudi kwenye nchi yenye kituo cha taifa cha mafunzo mjini Montreal, na mwingine kwenye nchi ambayo ilimpigia makofi. Goti la Mboko lilipouma, nyuma yake kulikuwa na mfumo uliozoea kusubiri magoti yapone. Kuna mamia ya watoto wa Kongo wenye mikono kama ya Mboko huko Goma na Lubumbashi, na hatuwajui, kwa sababu ile ile.

Na kama ni subira inayotushinda, kuna Ons Jabeur wa Tunisia. Alishinda Roland Garros ya wasichana mwaka 2011. Aliingia 100 bora mwaka 2017. Ubingwa wake wa kwanza wa WTA ulikuja 2021. Wikendi ile ile Okutoyi aliposhinda Wimbledon ya wasichana, Jabeur alikuwa akicheza fainali ya wakubwa pale pale. Kati ya kombe la utotoni na fainali hiyo ni miaka kumi na moja. Hebu fikiria Wakenya wakimsubiri mtu miaka kumi na moja bila kuuliza amepotelea wapi. Hata Paul Wekesa, aliyefika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995, tunamkumbuka kwa namba hiyo moja. Miaka aliyoitumia kuifikia haina msimulizi.

Najua nitakachojibiwa. Kwamba hadithi ya shosho ni ya kweli, na kwamba kwa mtoto wa Runyenjes au Maua anayelelewa na nyanya yake, kumwona Okutoyi na kombe ni kama kujiona kwenye kioo. Nakubali, na sitaki mtu aifute. Huku kwetu shosho amelea nusu ya mtaa. Lakini kioo kinakuonyesha sura yako tu, hakikuonyeshi njia. Mtoto huyo akishamaliza kujiona, atauliza, sawa, naanzia wapi? Na hapo hadithi haina neno.

Kwa sababu aanzie wapi? Embu kuna Uwanja wa Moi, uliopigwa msasa na kuandaa sherehe za Madaraka mwaka 2023. Meru kuna Kinoru, uliofanyiwa ukarabati kwa ajili ya CHAN 2018, mashindano ambayo mwishowe Kenya ilipokonywa yakaenda Moroko. Vyote ni viwanja vya mpira wa miguu, mbio na hotuba. Kutoka Embu hadi Nairobi, ambako tenisi yetu imejikusanya, ni kama kilomita 120. Kutoka Meru ni zaidi ya 200. Mtoto wa miaka minne hapandi matatu kwenda mazoezi na kurudi jioni.

Shule niliyosomea huku ilikuwa na uwanja wa tenisi wa saruji. Nguzo za wavu zilikuwepo, wavu haukuwepo. Mistari ilikuwa imefutika, ukibahatika unaona kona moja nyeupe. Kila msimu wa mavuno tulianika mahindi pale, na mahindi yalikauka vizuri sana, maana saruji inashika joto. Hakuna mwalimu aliyekuwa mbaya, na hakuna aliyetunyima kitu kwa makusudi. Ni kwamba hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kununua wavu. Nikisoma makala inayosema Okutoyi alishinda vizuizi vyote, huwa naukumbuka uwanja ule na kujiuliza kama kizuizi kinaweza kuwa kitu kidogo na cha bei rahisi kiasi hicho.

Kwa hiyo ninachowadai waandishi wa michezo, na sisi tunaowasoma, si sifa zaidi. Okutoyi amesifiwa tosha. Tuandikieni wiki ya W15. Tuandikieni mechi ya raundi ya kwanza saa tatu asubuhi, uwanja namba saba, watazamaji wanne, mmoja wao ni kocha wa mpinzani. Tuambieni alianzishaje mpira siku hiyo, mkono wa nyuma ulimsaliti wapi, alilala hoteli gani, nani alilipa. Mchezaji akipoteza, andikeni vilevile, kwa urefu ule ule. Mkifanya hivyo mtakuwa mmemheshimu kama mfanyakazi mwenye kazi ngumu, badala ya kumweka kwenye fremu kama mtakatifu wa miaka 18.

Na kwa yule msichana wa Embu, hadithi ya namna hiyo itakuwa na faida nyingine. Ataisoma na kujua anachohitaji kudai kwa mwalimu mkuu, kwa kaunti, kwa shirikisho: wavu mmoja, rangi nyeupe ya mistari, mipira, na mtu wa kurudisha mpira. Mahindi yatafutiwe turubai.